Padri akikosa: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Umeniuliza utapokeaje Komunio mkononi mwa padri aliyekiri mbele ya wazee kwamba fedha za paa la kanisa alizitumia kwa mambo yake, na wazee hao hao wanakwambia usimguse masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wa Mungu.

Pokea. Sakramenti si yake. Wadonati, kundi la Wakristo wa kale waliojitenga huko Afrika ya Kaskazini, walidai kuwa padri aliyeanguka katika imani wakati Wakristo walipoteswa hawezi kubatiza ubatizo wa kweli. Askofu Agostino akawakatalia: anayebatiza ni Kristo. Nasi Waanglikana tunayo katika vile Vifungu 39 vya mafundisho yetu vya mwaka 1571, kifungu cha 26, kwamba uovu wa mhudumu hauzuii neema. Watu hupenda kuishia hapo. Kifungu chenyewe kinaendelea: wahudumu waovu wachunguzwe, washitakiwe na wanaoyajua makosa yao, na wakionekana na hatia waondolewe. Hayo nayo ni mafundisho ya Kanisa letu, wala hakuna anayeyasoma mimbarani.

Hilo la masihi wa Bwana ndilo linaloniuma zaidi. Daudi alilisema pangoni Engedi, alipokataa kumuua Mfalme Sauli. Fungua 1 Samweli 24 usome hadi mwisho. Alitoka pangoni, akamwita mfalme kwa sauti, akamwonyesha kipande cha vazi alichokata, akamtajia dhuluma yake. Alizuia mkono, hakuzuia mdomo. Na yeye mwenyewe, mpakwa mafuta vilevile, alipomchukua mke wa Uria na kuagiza Uria auawe, nabii Nathani alitumwa kwake akamwambia usoni.

Sisi Wakristo wa huku Unguja tu wachache. Tangu utotoni nasikia, "Yamalizwe ndani, tusiwape watu la kusema." Naielewa hofu hiyo, lakini siikubali. Mji Mkongwe ni ukuta kwa ukuta. Jirani zetu Waislamu huyajua ya kwetu kabla hatujatoka kanisani, na wanamheshimu mtu anayekiri. Anayeumia kwa ule ukimya ni bibi aliyetoa sadaka ya paa kwa pesa za vitumbua, na mpaka leo hakuna aliyemweleza kitu. Mficha uchi hazai.

Askofu Frank Weston, aliyekuwa askofu hapa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki 1924, aliwashitaki maaskofu wenziwe wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ilikuwa mwaka 1913, kwa sababu ya mkutano wa Kikuyu, ambako walishiriki Komunio pamoja na Waprotestanti wa makanisa mengine. Kwangu mimi alikuwa mkali mno kwa jambo lile. Ila hakunong'ona barazani. Aliandika kwa jina lake, akapeleka kwa mwenye mamlaka ya kusikiliza.

Msamehe padri wako, tena kwa moyo. Petro alimkana Bwana na bado akakabidhiwa kondoo. Lakini baadaye, kule Antiokia, Paulo alimkemea mbele ya wote kwa kuwatenga wasiotahiriwa, na Petro akabaki mtume. Sikumtarajia kamwe padri asiye na dosari. Ninachomdai ni aulizwe akajibu, hesabu ziwekwe wazi, na fedha zirudi. Kusamehewa hakumpi haki ya kuendelea kushika ufunguo wa sanduku. Hayo ni mambo mawili, na wazee wenu wameyachanganya.

Jumapili nenda ukapokee. Kisha mwandikie askofu wenu barua, utie jina na sahihi, useme unachokijua tu, si unachokisikia. Mke wa padri na wanawe usiwataje, hawana kesi. Ukimaliza nisomee kwenye simu kabla hujaipeleka, maana ukikasirika unaongeza maneno.

Mama yako,
Mkunazini