Maswali ya Wasomaji: Dishi Moja, Satelaiti Mbili

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Mwanga, Kigoma Mjini. Nina dishi la sentimita 90 linalopokea Azam TV, na sasa nimenunua king'amuzi cha DStv. Fundi mmoja ameniahidi kufunga LNB ya pili (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) kwenye dishi hilo hilo na kuweka swichi, ili nisiingie gharama ya dishi jingine. Fundi mwingine amesema haiwezekani. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa satelaiti hizo mbili, ndugu msomaji, msikilize fundi wa pili. Matangazo ya Azam TV hutoka kwenye satelaiti iliyo longitudo ya nyuzi 7 Mashariki, na yale ya DStv kwa eneo letu hutoka kwenye ile ya nyuzi 36 Mashariki. Satelaiti zote za aina hii zimepangwa juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa Kigoma ipo karibu na nyuzi 29.6 Mashariki, ya kwanza iko magharibi yako, upande wa ziwani, wakati ya pili iko kaskazini mashariki na karibu na utosi, nyuzi kama 80 kutoka upeo wa macho. Ukiwa hapo Mwanga, nafasi kati yake angani ni nyuzi 34 hivi. Dishi la kawaida hukusanya mawimbi mahali pamoja, pale LNB inapokaa, na kadiri satelaiti inavyokuwa mbali na uelekeo wa dishi, ndivyo mawimbi yake yanavyotawanyika na kudhoofika. Kwa dishi kama lako, tofauti ya nyuzi 10 hivi inavumilika, lakini 34 haivumiliki, hata fundi awe hodari namna gani.

Hata swichi aliyokutajia si dawa ya shida yako. Kazi yake ni kukiwezesha king'amuzi kimoja kuchagua kati ya LNB kadhaa. Wewe una ving'amuzi viwili, kila kimoja na kampuni yake, kwa hiyo kila kimoja kivutiwe waya wake kutoka kwenye LNB yake. Nunua dishi la pili. Ninajua ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kumlipa fundi kwa kazi ambayo haitaleta picha.

Je, dishi moja haliwezi kamwe kupokea satelaiti mbili? Linaweza, zikiwa jirani, kwa mfano ya nyuzi 7 na ya nyuzi 16, mradi ile unayoitaka iwe inamulika eneo letu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako satelaiti zinaonekana zikiwa zimejipanga kutoka kushoto kwenda kulia, na LNB hufungwa ubavu kwa ubavu. Kigoma tupo chini kidogo tu ya Ikweta, na ukitazama upande wa ziwani msururu huo unapanda juu kama ngazi: ya nyuzi 7 iko nyuzi 63 kutoka upeo wa macho, ya nyuzi 16 iko 73. LNB nazo zipangwe juu na chini. Kwa kuwa dishi hugeuza mwelekeo wa mawimbi, LNB ya satelaiti iliyo chini angani ndiyo inayokaa juu. Ningeshauri dishi lielekezwe kwanza kwenye satelaiti ya juu, kisha LNB ya pili ifungwe kama sentimita 10 juu ya ile ya kwanza na isogezwe taratibu, huku mtu mwingine akisoma kiwango cha mawimbi kwenye runinga. Usisahau kuizungusha LNB yenyewe: kwa satelaiti ya nyuzi 7, ukiwa Kigoma, inazungushwa karibu robo ya mzunguko, na fundi anayeiacha wima atalaumu dishi bure.

SWALI: Nipo Ujiji. Nina king'amuzi cha chaneli za bure, LNB mbili na swichi ya DiSEqC (ile inayobadilisha LNB kwa amri ya king'amuzi). Mvua ikipita, satelaiti moja hupotea kwa siku nzima. Tatizo ni nini?

JIBU: Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi kwa muda tu, na anga likitulia hurudi. Inapochukua siku nzima, inaelekea maji yameingia kwenye konekta au ndani ya swichi. King'amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 pamoja na amri za kubadilisha LNB kupitia waya huo huo, na unyevu huvuruga amri hizo. Zima king'amuzi na uchomoe plagi kabla ya kugusa chochote, kata ncha ya waya iliyopata kutu, funga konekta mpya, kisha weka swichi nyuma ya dishi, matundu yake yakitazama chini, na uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke. Halafu hakikisha herufi ya tundu uliyochagua kwenye menyu, A au B, ndiyo iliyoandikwa kwenye swichi kwa LNB hiyo.