Injini ya kabureta kusita ukikanyaga mafuta: anza na pampu, jeti ziache kwanza

Mkuu, umesema sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, ila ukikanyaga mafuta ghafla injini inataka kuzima, kisha inachanganya na kwenda vizuri. Hapo mshukiwa wa kwanza ni pampu ya akseleta, iliyo kwenye kabureta. Kipepeo (kibao kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta) kikifunguka ghafla hewa inawahi kuingia, petroli inachelewa kwa sababu ni nzito, na nyingine inanata kwenye kuta za manifoldi, yaani njia ya kuingia kwenye silinda. Pampu inarusha petroli ya ziada kuziba pengo hilo.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa kichujio cha hewa, mulika tochi ndani ya koo la kabureta na usukume mkono wa akseleta. Mrusho uanze papo hapo kipepeo kinapocheza, uwe mnyoofu na wenye nguvu. Ukichelewa, angalia vyuma vya kusukuma pampu kama vimelegea. Kwenye kabureta za Holley, kipepeo kikiwa wazi kabisa na mkono wa pampu umebanwa hadi mwisho, iachwe nafasi ya inchi 0.015 (kama milimita 0.4) kati ya mkono huo na skrubu ya kuurekebisha, lakini mkono uanze kusogea mara tu unapogusa akseleta. Mrusho ukiwa dhaifu au haupo kabisa, daiframu (utando wa pampu) imekakamaa au kupasuka, au goroli ya vali imenasa kwa uchafu. Ukifungua, kumbuka kila goroli ilikaa wapi. Ni ndogo na zinapotea kirahisi. Tundu la kurushia lizibue kwa dawa ya kabureta na upepo. Waya usiingize, utalipanua.

Kama kabureta ni aina ya SU, hiyo haina pampu. Kazi hiyo inafanywa na oili iliyo juu ya pistoni ya kabureta yenyewe, inayoizuia isipande haraka. Oili ikiisha, injini inasita vilevile. Weka oili ya SAE 20 (namba ya uzito wa oili).

Pampu ikiwa nzima, vuta choki kidogo ujaribu tena. Hali ikipungua, mchanganyiko una hewa nyingi: kuna gasketi inayovujisha chini ya kabureta, mpira wa vakyumu uliopasuka, au jeti (kitundu cha kupimia petroli) ya sailensa imeziba. Jeti kuu usiiguse. Hiyo inashika kazi hewa ikishakuwa nyingi, na ukiipanua utaongeza ulaji wa mafuta huku kusita kukibaki palepale. Mafundi wengi hukimbilia hapo, sijui kwa nini.

Choki ikizidisha ubaya, au isipobadili kitu, hamia kwenye moto wa plagi. Fungua kifuniko cha distribyuta (kigawa moto kwa plagi), chomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, uvute hewa yake kwa mdomo kisha uuzibe kwa ulimi. Sahani inayobeba poinzi (swichi ya kukata umeme wa moto) izunguke na ibaki hapo hadi uachie. Ikirudi yenyewe, daiframu ya distribyuta imetoboka. Isipocheza kabisa, huenda sahani imenasa kwa kutu. Ukishabadilisha daiframu hiyo, pima upya gepu (nafasi) ya poinzi kabla ya taimingi (wakati wa plagi kuwaka), kwa sababu gepu ikibadilika, taimingi nayo inahama.