Keki ya sherehe kwetu ni nyeusi, na tunaoka wenyewe

Mhariri, salaam. Juma lililopita mliuliza: "Sherehe ya familia ikifika, keki mnaoka nyumbani au mnaagiza? Tupe sababu." Nawajibu kutoka Ujiji, Kigoma. Kwetu tunaoka, na keki yenyewe ni ya kahawa na kakao. Iwe Idi, iwe akika, iwe mtoto kamaliza kidato cha nne au binti anaagwa, inayotoka jikoni ni hiyo hiyo nyeusi. Uchumi umo ndani ya sababu, sikatai, lakini si wa kwanza.

Cha kwanza ni namna tunavyoila keki. Mnajua utaratibu wetu: keki haikatwi ili watu washibe. MC anamwita mwenye sherehe, kisu kinapita, muziki unawekwa, halafu keki inakatwakatwa vipande vidogo, vinachomwa vijiti, na watu wanaitwa mbele kulishwa. Wazazi, mashangazi, wajomba, mwalimu wa madrasa, majirani waliobeba viti tangu asubuhi. Kila mmoja anapata kipande kimoja, na kwa wengi ndicho pekee watakachokula siku hiyo. Kama kipande hicho ni krimu na sukari tupu, mama mzazi aliyesimama mbele ya watu wote amelishwa nini? Ninataka kile kimoja kiwe na uchungu kidogo, utamu, na harufu inayobaki mdomoni mpaka anaporudi kwenye kiti chake. Kahawa na kakao ndivyo vinavyoniwezesha.

Keki za kuagiza zinapendeza, na wanaozipamba wana mikono ya ufundi, siwezi kuwanyima sifa yao. Ila ziwa letu lina joto lake. Keki ya kilo tatu ikipakiwa kwenye bajaji saa nane mchana kutoka mjini hadi huku Ujiji, krimu imeshaanza kuteremka kabla haijafika mlangoni. Nimehudhuria mahafali ambapo jina la kijana lilikuwa limeshukia ubavuni mwa keki, na dada zake wakawa wanalirudisha juu kwa kisu huku wageni wanaingia. Watu wakipewa kipande wanakwangua krimu kwanza, wanaipaka pembeni mwa sahani. Ukiona hivyo ujue fedha nyingi imelipia kitu kisicholiwa.

Sasa kwa nini kahawa na kakao viende pamoja? Wengi wakisikia keki ya kahawa wanadhani watakula kitu chenye ladha ya kikombe cha barazani. Sivyo. Kikombe kimoja cha kahawa nzito ndani ya keki nzima hakijitangazi; kazi yake ni kuikuza kakao. Mbegu za kakao huvundikwa siku kadhaa zichachuke, zikaanikwa, ndipo zikachomwa. Kahawa nayo huchomwa. Harufu zinazozaliwa kwenye kule kuchomwa zinakaribiana sana, na uchungu wa kimoja unauzidishia mwenzake kina. Ukitaka kuliona kwa macho, weka kakao kavu kwenye bakuli, kisha imiminie kahawa ya moto kabisa, kidogo kidogo, huku unakoroga. Ile rangi ya udongo mkavu inageuka nyeusi inayong'aa ndani ya dakika moja, na harufu inatoka hadi uani. Maji ya moto nayo husaidia, kwa kuwa ni joto linaloifungua kakao, lakini ukishaonja ya kahawa huwezi kurudi kwenye maji.

Na sisi watu wa Kigoma kahawa tunayo. Ukipanda gari hapa mjini, ukapita Mwandiga kuelekea Manyovu, unaingia kwenye vilima vya Kalinzi, juu, baridi, migomba na mibuni imechanganyika. Ni arabika, tofauti na robusta ya Kagera, ambayo ina ukali zaidi na kafeini karibu mara mbili. Kahawa ya vilima hivi inavuka bahari, inanywewa na watu ambao hata Kigoma hawaijui kwenye ramani. Mimi nasema, kama mgeni anailipia vile, na sisi tuile kwenye sherehe zetu. Kwa mama yangu ni Waha wa huko juu, na ndugu akishuka mjini msimu wa mavuno haji mikono mitupu.

Kuikaanga ni kazi ninayoipenda kuliko zote. Kikaango kizito, mkaa wa wastani, mwiko usiokoma. Mbegu zinaanza kijani iliyopauka, zinakuwa za manjano na kunukia kama nyasi zilizolowa, kisha hudhurungi. Baadaye unasikia zinapasuka, pa, pa, moja moja, halafu nyingi kwa pamoja. Kwa kunywa, wengine huishia hapo. Kwa keki naendelea kidogo hadi mafuta yanapoanza kuchungulia juu ya mbegu, ndipo naziepua mara moja na kuzimwaga kwenye ungo, kwa sababu ndani ya kikaango zinaendelea kuungua hata moto ukiwa umeondolewa. Unapepeta, maganda membamba yanapeperuka, unaziacha hadi kesho yake, ndipo kinu na mchi. Asiye na nafasi hiyo atumie kahawa ya kuyeyuka inayotengenezwa Bukoba, vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwenye kikombe cha maji ya moto, na keki yake itakuwa nzuri vilevile. Ila iliki na tangawizi za kahawa ya jioni aziache nje, zinaifunika kakao.

Kuhusu kakao, nawaomba wasomaji wenzangu wasome kopo kabla ya kulipa. Madukani kuna unga wa kinywaji cha chokoleti, ambao sehemu kubwa ni sukari, na kuna kakao tupu. Makopo yanafanana, bei zinatofautiana, na mtu anachukua ya bei nafuu. Keki inatoka rangi ya chai ya maziwa. Mnachotafuta ni kopo ambalo kwenye viambato limeandikwa kakao peke yake. Tanzania tunailima, zaidi huko Kyela, ingawa nyingi husafirishwa nje ikiwa mbegu na kurudi kwetu ndani ya kopo. Walioona bei imeruka wasimlaumu mwenye duka: mavuno ya Ivory Coast na Ghana, nchi zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, yalikwenda vibaya, na mwaka 2024 bei kwenye soko la dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani.

Chokoleti ya mche siitumii sana. Ile ya kweli ina siagi ya kakao inayoyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili wa mtu, kwa hiyo mchana wa Kigoma inalegea dukani, usiku inaganda, na baada ya muda inaota weupe juu. Weupe ule si ukungu, ni mafuta yake yamepanda. Kuioka inafaa. Kuilipia bei ile wakati kopo la kakao lipo, hapana.

Vipimo vyangu ni hivi, kwa kikombe cha robo lita. Unga wa ngano gramu 230, sukari gramu 330, kakao gramu 75, soda ya kuokea vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko. Hivyo vyote vikavu, isipokuwa kakao, vichekechwe pamoja. Mayai mawili, mtindi kikombe kimoja, mafuta ya alizeti nusu kikombe, vanila kidogo. Kakao naikoroga peke yake na kikombe kimoja cha kahawa ya moto iliyochujwa vizuri, naiacha ipoe kiasi ili isiivishe mayai, ndipo naunganisha. Mchanganyiko utakuwa mwepesi, unamiminika wenyewe. Msiogope, wala msiongeze unga. Wepesi huo ndio unyevu wa kesho.

Soda inaumua kwa sababu inakutana na ukali wa mtindi, na ukali kidogo wa kakao na kahawa. Ndiyo maana ukibadilisha mtindi kwa maziwa matamu keki inabaki na ladha ya magadi. Tena, vikishakutana tu gesi inaanza kutoka, kwa hiyo moto uwe tayari kabla hujaunganisha. Mafuta nayo nina sababu nayo. Siagi inaganda keki ikipoa, mafuta ya alizeti hayagandi, hivyo keki ya leo bado ni laini keshokutwa. Mawese yetu nayapenda kwenye mgebuka, samaki wa ziwa letu, na maharage, lakini humu hapana, yana ladha yake nzito.

Mwenye jiko la umeme aoke kwa nyuzi 180, dakika 35 hadi 40. Lakini mji huu kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, na wengi tumelelewa kwenye mkaa. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu kimo cha vidole viwili chini, unateleka robo saa ipate moto, chombo cha keki kinakaa juu ya mchanga, mfuniko, kisha mkaa juu ya mfuniko. Wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Ukizidisha wa chini, keki inaungua kitako na katikati bado mbichi. Msifunue kabla ya nusu saa kupita. Inachukua kama saa nzima. Kijiti kikitoka kikavu, au na chembe mbili tatu zilizogandamana, imeiva.

Halafu jambo ambalo wapishi wa mapishi ya haraka hawalisemi: msiilishe watu siku hiyo hiyo. Ikiwa bado mpya inavunjikavunjika, na kwenye kijiti haikai. Ikilala usiku mmoja, imefunikwa vizuri baada ya kupoa kabisa, inashikamana, na ladha ya kahawa na kakao inakuwa moja. Asubuhi naipikia rojo la kupaka juu: kakao gramu 50, sukari gramu 150, kahawa nzito nusu kikombe, siagi vijiko viwili vya chakula, juu ya moto mdogo hadi linafunika mgongo wa kijiko. Nalimwagia likiwa vuguvugu. Linaganda kwa kung'aa, na halina pa kuteremkia bajaji ikipita kwenye matuta.

Kuoka nyumbani kuna jingine ambalo pesa hailinunui. Keki ya kuagiza inaingia pale watu wameshavaa. Ya nyumbani inaanza juzi yake: mama mkubwa anachagua mbegu mbovu kwenye ungo, wifi yangu anachekecha unga, vijana wanatwanga kwa zamu, na mwenye sherehe mwenyewe anafukuzwa jikoni kila mara kwa kuchovya kidole. Binti anayeagwa wiki hiyo anafundishwa kipimo cha moto wa mkaa na shangazi zake, mikono kwa mikono, na anakwenda nacho kwake. Ndiyo maana MC akiuliza keki imeletwa na nani, tunasimama wengi.

Kwa Idi, nikiwa na friji inayofanya kazi, naongeza kitu kimoja kutoka kwa Waitaliano, tiramisu, nilichokigeuza kidogo. Wao hutumia jibini laini la mascarpone, na mara nyingi humwagia pombe. Mimi nafunga mtindi kwenye kitambaa safi, nauning'iniza usiku kucha udondoke maji, nachanganya na sukari na vanila, kisha napanga biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, tabaka kwa tabaka, na kakao juu. Haiokwi. Bila pombe haipungukiwi na chochote, kahawa inatosha kabisa.

Swali ninaloulizwa na kila mama mwenye watoto wadogo ni usingizi. Kikombe cha kahawa kina takriban miligramu 100 za kafeini, na hicho kimoja, pamoja na nusu kikombe ya kwenye rojo, vimegawanyika kwenye keki inayotoa vipande vya kijiti karibu mia. Hata ukijumlisha na ya kwenye kakao, mtoto aliyekula vipande vitano hajafikia kafeini ya kopo moja la soda ya kola, ambalo hakuna mtu anayemnyima siku ya sherehe.

Nakubali pahala pamoja pa kuagiza: harusi yenye wageni mia nne, ngazi tano na chemchemi katikati. Kazi hiyo ina wenyewe na wanastahili kulipwa. Hata huko, keki ya shukrani wanayokabidhiwa wazazi wa pande zote mbili, ile inayokwenda nao nyumbani na kuliwa na chai asubuhi yake, kwetu huwa ni nyeusi, na imeokwa Ujiji.

Msomaji wenu, Ujiji, Kigoma