Shika mshipa kwanza, hiyo 180 iache

Uzi wako nimeusoma mpaka pale uliposema mkubwa wako wa wodini huko Malindi amekwambia kuhusu kupima presha, "Funga mkanda, pandisha hadi 180, teremsha, andika." Hapo nikaacha kusoma. Umeuliza mambo manne: stetoskopu ya kununua, namna ya kukariri uchunguzi wa kichwa hadi unyayo, tumbo linaanzwa vipi, na kama njia hiyo ya presha itakupitisha mtihani wa vitendo. Naanza na la mwisho. Hayo mengine tukijaaliwa.

Hakuna namba moja ya kupandishia watu wote. Kila mgonjwa ana yake, na huipati kwa kubahatisha, unaipata kwa vidole. Shika mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa vidole viwili vya katikati (gumba lako liweke mbali, lina mapigo yake lenyewe). Pandisha huku macho yako kwenye mshale wa geji mpaka mapigo yapotee. Tuseme yamepotea kwenye 150. Toa hewa yote, ngoja kama dakika moja. Sasa weka stetoskopu kwenye mshipa wa ndani ya kiwiko na upandishe 30 juu ya pale, yaani 180. Haya, kwa mgonjwa huyu, mkubwa wako amepatia. Hata saa mbovu hupatia mara mbili kwa siku. Yule ambaye mapigo yamepotea kwenye 110 utamkaza mkono bure mpaka akuulize amekukosea nini. Na yule wa 204 ndiye atakayekuumbua.

Kuna watu wazima, hasa wenye presha ya miaka mingi na mishipa iliyokakamaa, ambao sauti husikika juu, zikanyamaza katikati, kisha zikarudi. Chukua mtu ambaye sauti yake ya kwanza iko 204, kimya kinaanzia 186 hadi 158, kisha sauti zinarudi na kukoma kabisa 104 (sauti ya kwanza ndiyo namba ya juu, zinapokoma ndiyo ya chini). Ukipandisha 180 umetua katikati ya kimya. Unateremsha, husikii kitu, unafika 158, tap tap, unaandika 158/104 na roho kwatu. Mwenzio ana 204! Umemla 46 nzima, na mtu wa kuonwa na daktari leo hii anapewa tarehe ya kliniki na nasaha za chumvi. Kidole hakidanganyiki hapo kwa sababu damu inaendelea kupita mshipani. Kilichopotea ni sauti tu.

Ninyi mnaofundisha wanafunzi "180 yatosha" kwa kuwa foleni ni ndefu, Mungu anawaona. Kushika mshipa hakumalizi dakika mbili. Mimi pia nililishwa hiyo 180, na aliyenilisha bado anatembea kifua mbele. Sina kinyongo. (Ninacho.)

Kuteremsha nako kuna mwendo wake: milimita 2 hadi 3 za zebaki (ndizo namba za geji) kwa sekunde. Ukifungulia hewa yote puu, namba ya juu itasomeka chini kuliko ilivyo na ya chini itasomeka juu. Mpira wa ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono: mkono wa sentimita 27 hadi 34 huchukua mkanda wa kawaida wa mtu mzima, 35 hadi 44 mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene humzulia mtu presha asiyo nayo. Ukingo wa chini ukae sentimita 2 au 3 juu ya kunjo la kiwiko.

Na usipime juu ya buibui, wala usikunje mkono wa nguo mpaka ukabana kama kamba. Hapa kwetu Lamu bibi hakatai ukimwamkia vizuri, ukavuta pazia, ukamwambia, "Bibi, naomba utoe mkono huu mmoja tu." Mgonjwa aliyetembea toka Shela juani, au aliyetoka barazani kunywa kahawa chungu, usimrukie. Kahawa, sigara na mwendo vipishe nusu saa, kisha aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupandana, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Ikipishana zaidi ya 10, fuata wenye namba kubwa. Na usimpigishe soga wakati wa kupima, hata akikusimulia harusi ya nani.

Ulichouliza kingine... stetoskopu. Yoyote yenye mirija isiyopasuka na vipuli vinavyoziba masikio sawasawa, vikielekea mbele puani. Usiuze simu kwa ajili yake. Tumbo: tazama, sikiliza, gonga, ndipo ubonyeze, maana kubonyeza mapema hubadilisha sauti za matumbo. Pumzi hesabu dakika nzima huku umejifanya bado unashika mapigo. Mtu akijua unamhesabia pumzi, huzibadilisha. La kukariri limenitoka, watakujibu wengine.

Turudi kwenye presha. Geji ya mshale ina alama kila milimita 2. Msimamizi makini akiona umeandika 135/85 kwa mashine ya mkono, atajua namba hizo hukuzisoma popote. Andika 136/84 kama ndipo ulipoona, kisha ongeza mkono upi, ameketi au amelala, na saa. Kabla ya hapo, akuone na vidole viwili juu ya mshipa.