Mbunge wa Ireland hashtakiwi kwa aliyoyasema bungeni

Je, mbunge Catherine Murphy wa Ireland alishtakiwa kwa hotuba yake ya bungeni kuhusu IBRC, benki iliyokuwa mali ya serikali? Hapana, hakushtakiwa, wala asingeweza kushtakiwa, kwa sababu Ibara ya 15.13 ya Katiba ya Ireland inampa mbunge kinga dhidi ya mahakama zote kwa maneno anayoyatamka ndani ya Bunge, na mwenye mamlaka ya kumhoji ni Bunge lenyewe. Alipozungumza katika Dáil, yaani baraza la wawakilishi la Bunge la Ireland, tarehe 28 Mei 2015, akiwa mbunge huru wa upinzani, alitoa madai kuhusu mikopo ya mfanyabiashara Denis O'Brien katika benki hiyo ya umma, ilhali Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuizuia RTÉ, shirika la utangazaji la umma, kutangaza habari za namna hiyo. Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba vyombo vikubwa vya habari viliogopa hata kunukuu hotuba iliyotolewa hadharani bungeni, mpaka tarehe 2 Juni Jaji Donald Binchy alipofafanua kuwa zuio lake halikulenga maneno ya bungeni. O'Brien, aliyeyapinga madai hayo, alifungua kesi kuhusu namna Bunge lilivyoyashughulikia malalamiko yake, akashindwa mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2019.

Kinga hiyo, hata hivyo, haimfuati mbunge akirudia maneno yake nje ya ukumbi, na mwaka huohuo wa 2019 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri jingine, kwamba kamati ya Bunge ikivuka mipaka ya kazi iliyopewa inaweza kutamkwa kuwa imevunja sheria.