Kwa mwanangu aliye wodi ya wazazi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na salamu zote nimezifikisha. Mama yako hajambo, na bibi yako bado anaulizia utakuja lini. Umeniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa simu. Umeeleza kwamba usiku ule, yule mama alipofariki kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, akiba ya damu ikiwa imekwisha na ambulensi ikiwa njiani na mgonjwa mwingine wa rufaa, wewe ulimfunika, ukajaza karatasi zake, ukabadilisha glavu, ukaenda kitanda cha pili kumpokea mtoto wa mama mwingine, na moyoni hukusikia kitu. Kisha ukaandika: "Baba, siku hizi mgonjwa akifa silii wala siumii. Je, nimekuwa mtu mbaya, au kazi hii hainifai?"

Jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu hapana tupu haitakufaa saa nane za usiku ukiwa peke yako wodini.

Hali uliyonayo inaitwa uchovu wa kazi, kwa Kiingereza "burnout", na imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure jijini New York, aliandika kuhusu wahudumu walioanza kazi kwa ari kubwa na baada ya muda wakaishiwa kabisa. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kuipima hali hiyo, na bado linatumika. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na limesema wazi kwamba huo si ugonjwa bali ni hali inayotokana na kazi, yaani msongo wa mahali pa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Dalili zilizotajwa ni kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi yako, na kujiona hufai kitu katika kazi ambayo unaijua.

Sasa soma barua yako kwa jicho la muuguzi anayechukua historia ya mgonjwa. Umeandika kwamba unaamka umechoka kama ulivyolala, kwamba hulii, na kwamba unajiona hufai. Zote tatu zimo, na umeziandika mwenyewe bila kuulizwa. Huo ubaridi unaouogopa ni njia ya akili kujikinga na maumivu ambayo haikupewa nafasi ya kuyapumzikia.

Nimewahi kuiona hali hiyo kwa karibu. Mwaka 2015, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini, kipindupindu kilizuka kati yao. Wewe ulikuwa bado shule, na mimi nilikuwa miongoni mwa matabibu tuliopelekwa kusaidia. Alikuwapo mwenzetu mmoja, kijana mpole, ambaye siku za mwanzo alikuwa akichuchumaa kando ya kila mgonjwa, akimuuliza jina lake kwa Kiha, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, huku akimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Baadaye nilimwona akipita katikati ya mistari akitazama chupa za dripu tu. Chupa ikiisha anabadilisha, anakwenda kwa inayofuata, macho yake hayashuki chini ya ile chupa na mkono wake haugusi mkono wa mtu. Wako waliosema ameanza kujivuna. Muuguzi aliyekuwa akituongoza hakusema hivyo, wala hakumhubiria. Alimtoa kwa wagonjwa akampa kazi ya kuchanganya klorini na kusimamia maji, na akahakikisha kwamba usiku analala. Aliporudishwa kwa wagonjwa alianza tena, taratibu, kuuliza majina. Nilijifunza pale kwamba moyo haukuwa umeondoka. Ulikuwa umelemewa, na alipopunguziwa mzigo ulirudi wenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaozungumzia jambo hili. Utaambiwa ufanye mazoezi, unywe maji, uswali, uwe na mtazamo chanya. Usiache kuswali na kutembea kidogo jioni kunasaidia, lakini hayo hayaongezi muuguzi hata mmoja kwenye zamu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 kwamba nchi inahitaji angalau madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000 ili huduma za msingi zitosheleze, na sisi tuko mbali sana na kiwango hicho. Miongozo yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini haikuishia kwenye kumfundisha mfanyakazi kuvumilia, bali imewageukia pia waajiri na wasimamizi, namna kazi inavyopangwa na namna wakubwa wanavyofundishwa kumtambua aliyelemewa. Kumwambia mtu aliyechoka kwamba kazi yake ni wito, kisha ukampangia zamu nyingine ya usiku, ni kumdhulumu kwa maneno mazuri.

Tena usiku ule una uzito wake wa peke yake. Mwaka 1984 Andrew Jameton, aliyeandika kuhusu maadili ya uuguzi, alieleza mateso anayopata muuguzi anayejua kabisa lililo sahihi huku mazingira yakimzuia kulitenda. Wewe ulijua. Ulitoa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ulikanda mfuko wenyewe, ulifungua mishipa miwili ya dripu, ulituma mtu maabara. Kilichokosekana kilikuwa damu na gari, navyo havikuwa mikononi mwako. Halafu katika kikao cha kupitia kifo kile, kwa maelezo yako, ikaulizwa nani alikuwa wapi saa ngapi, na hakuna aliyekuuliza unaendeleaje. Nimesikitika sana kulisoma hilo, kwa sababu vikao vya namna hiyo vimewekwa vitafute mwanya uliopo katika huduma bila kumtaja wala kumlaumu mtu. Tangu mwaka 2000, daktari Albert Wu wa Marekani alipoandika kuhusu mhudumu kama mhanga wa pili baada ya mgonjwa mwenyewe, hakuna kiongozi wa hospitali anayepaswa kushangaa akiambiwa kwamba aliyekuwa zamu naye anahitaji kuangaliwa.

Nakuomba, mama yangu, uyafanye haya. Kwanza omba likizo yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka, na inataka pawepo angalau saa 12 za mapumziko kati ya kutoka kazini na kurudi, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Unasema unaona aibu kuomba kwa sababu wenzako nao wamechoka. Wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi hawatoki mbalamwezi inapokuwa kali, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki, na siku hizo wanalala na kushona nyavu. Sijawahi kumsikia mtu akiwaita wavivu. Ukirudi, mwombe inchaji, msimamizi wa wodi yenu, akupeleke kwa muda kliniki ya mama na mtoto, mbali na leba. Akikataa bila sababu, mwone mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, hapo kazini. Zungumza pia na wale wawili uliokuwa nao usiku ule. Kaeni chini, hata dakika chache baada ya makabidhiano ya zamu, kila mmoja aseme alichokiona. Nina hakika wao pia wanajiuliza unachojiuliza wewe, na kila mmoja anadhani ni wake peke yake.

Kuna jambo moja ambalo sitalipitia haraka. Umegusia kwamba usingizi hauji mchana baada ya zamu, na mimi najua kabati la dawa liko hatua chache kutoka unapokaa. Usijiandikie diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Nimeona wahudumu wazuri wakianza na kidonge kimoja cha kupata usingizi, na baadaye wakashindwa kufanya kazi bila hicho, wakificha, wakiogopa siku ya kuhesabu dawa za kabatini. Pombe nayo ni njia ileile.

Ujipime pia kwa uaminifu. Uchovu wa kazi kwa kawaida hulegea mtu anapokaa mbali na kazi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inakufuata hadi nyumbani. Ukiona kwamba hata ukiwa likizo, kwa wiki mbili au zaidi, huna furaha na chochote, chakula hakipiti, unajilaumu kwa kila kitu, basi hiyo ni sonona na ina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, kama ambavyo ungemwambia mama yeyote anayekuja kliniki na dalili hizo. Na likikujia wazo kwamba afadhali usiwepo, usisubiri wiki mbili. Siku hiyohiyo mwambie mtu aliye karibu nawe, mwone daktari, na unipigie mimi hata usiku wa manane. Unaogopa kutibiwa pale unapofanya kazi kwa sababu kila mtu anamjua kila mtu. Hofu hiyo naielewa, basi usitibiwe pale. Panda gari uje mjini, nitakusindikiza mwenyewe hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, au hata hospitali ya afya ya akili ya Mirembe kule Dodoma ikibidi.

Kuhusu kuacha kazi, sitakuzuia. Ni maisha yako, na kuna njia nyingi za halali za kula. Ninachokuomba ni kwamba usiamue ukiwa umetoka zamu ya usiku, wala kabla hujapumzika na kubadilishiwa kituo. Baada ya hapo ukiwa bado unataka kuondoka, mimi na mama yako tutakuwa upande wako na tutatafuta pamoja pa kuanzia. Lakini barua ya likizo iandike wiki hii, uipeleke kwa mkono wako, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, halafu unipigie uniambie wamekujibu nini.

Baba yako