Kabla hujajaza gesi tena, sikiliza feni

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kimara aliniandikia hivi: "Kaka, AC ya gari langu nimejaza gesi mara mbili tangu Desemba na upepo bado unatoka kidogo kama pumzi ya mgonjwa. Fundi anasema sasa tubadilishe kompresa. Nifanyeje?"

Usingizi ulinipaa. Swali lenyewe si gumu, lakini maneno yale ningeweza kuyaandika mimi miaka mitatu iliyopita, neno kwa neno, na yamenirudisha pale ambapo sikutaka kurudi.

Gari langu ni Carina TI, la mwisho wa miaka ya 1990. Nililinunua kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akilitunza kama mtoto. Injini nzima, bodi nzima, halijawahi kunilaza njiani. Nalipenda gari lile na najua wengi mnaosoma hapa mnayapenda magari yenu ya umri huo, mnajinyima ili mfunge Desemba mkipandisha Moshi au Lushoto kwa gari lenu wenyewe, si kwa kugombea tiketi stendi ya Magufuli. Kwa hiyo mtanielewa.

Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea, jua la Dar lile linalochoma hata likiwa nyuma ya wingu. Nilikuwa nampeleka mama kliniki mjini kutoka Mbagala, na nyuma alikaa shemeji yangu. Foleni ilitukamata Kwa Azizi Ali. AC imewashwa, feni iko namba nne, na matunduni unatoka upepo ambao hata karatasi hautikisi. Mama jasho likamtiririka mpaka shingoni. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, fungua dirisha, naona kiza." Nikafungua, moshi wa daladala ukaingia wote. Shemeji akasema, "Shem, hili gari wapelekee wa vyuma chakavu." Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika usukani huku mama yangu ameegemea mlango amefumba macho, na mwezi huohuo nilikuwa nimeshalipa fundi mara mbili kwa ajili ya AC hiyohiyo.

Mara ya kwanza alijaza gesi, shilingi elfu sitini. Baada ya wiki mbili nikarudi, akajaza tena, elfu sitini nyingine. Baada ya safari ile ya mama nikaenda na hasira, akaniambia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imechoka. Nikatafuta kompresa ya mtumba, pamoja na ufundi laki mbili na nusu ikaondoka. Jumla laki tatu na elfu sabini. Na upepo? Uleule. Hakuna hata siku moja yule fundi aliweka mkono wake kwenye tundu la AC akapima upepo unatokaje. Alifungua boneti, akachomeka geji ya kupima presha ya gesi, akasoma namba, akadai hela. Mpaka leo nikipita ile gereji naangalia upande wa pili.

Jawabu nililipata bila geji yoyote. Usiku mmoja baada ya Isha nilikaa ndani ya gari nyumbani, mtaa umetulia. Sikuwasha injini, nilizungusha ufunguo tu mpaka umeme ukaingia, nikawasha feni namba moja, mbili, tatu, nne. Nikasikiliza. Feni ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, kwa nguvu, kila namba na sauti yake. Nikaweka kiganja kwenye tundu. Upepo hakuna. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumekuwa tunatibu ugonjwa usiokuwepo. Mashine ya upepo ni nzima, njia ya upepo imeziba.

Shikeni hili hata kama mengine mtasahau: upepo ni kitu kimoja na baridi ni kitu kingine. Gesi haipulizi upepo. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kazi yake ni kuipoza evaporeta, ile koili yenye mapezi membamba iliyojificha nyuma ya dashibodi. Anayesukuma upepo ni feni ya ndani, mafundi huiita bloa. Inavuta hewa kutoka nje chini ya kioo cha mbele, pale penye waipa, au inairudia ya ndani ya gari, kisha inaisukuma ipite kwenye filta kama ipo, kwenye evaporeta, ndipo itokee matunduni. Ukijaza gesi ya magari kumi, kama mapezi ya evaporeta yamevikwa vumbi, upepo hautatoka.

Jumapili asubuhi nikaanza kazi. Nilichomoa waya wa hasi wa betri kwanza, na nawasihi msiruke hatua hii, hasa gari likiwa na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali, upande wa abiria. Ukishachomoa, subiri dakika kadhaa. Nikatoa kile kiboksi cha mbele ya abiria tunachowekea kadi ya gari. Bloa iko hapo nyuma, chini kidogo, kwangu ilishikwa na skrubu tatu na soketi moja ya umeme. Ilipodondoka mkononi, yakaanguka majani ya mwarobaini. Majani mengi, makavu, pamoja na karatasi za pipi na kitu kama kiota cha panya. Miaka yote mwalimu alikuwa akiliegesha chini ya mwarobaini na mimi nikaendelea vilevile, kwa sababu ya kivuli.

Lakini majani yalikuwa sehemu ndogo. Nilifungua pia rezista, ile inayopunguza kasi ya feni, nikaingiza simu kwenye tundu lake nikapiga picha. Evaporeta haikuonekana. Kilichoonekana ni blanketi. Vumbi la miaka ishirini limechanganyika na yale matone ya maji yanayojikusanya pale AC ikifanya kazi, likawa kama sufi iliyolowa. Gari langu halikuwekewa filta ya ndani kabisa, na magari mengi ya umri ule yako hivyo, kwa hiyo vumbi lote la Mbagala lilikuwa linaishia pale.

Nilitumia brashi laini ya mpini mrefu, povu la kusafishia AC linalouzwa kwenye maduka ya spea, na chupa ya kunyunyizia maji. Taratibu. Usikubali mtu wa kuosha magari aelekeze pampu yake pale, yale mapezi ni laini kama karatasi, yakilala umejiongezea kizuizi kingine. Na usilegeze bomba lolote la gesi. Gesi hii ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikupata jichoni utajuta, na evaporeta kutolewa nje ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi.

Maji hayakutoka chini ya gari. Kumbe bomba la kutolea maji limeziba pia. Nilipolizibua kwa waya laini, yalimwagika maji ya rangi ya chai ya rangi. Zulia la upande wa abiria lilikuwa linalowa kila mara, na nilikuwa namgombeza mwanangu kwamba anamwaga maji ya kunywa. Nilimwita pale pale nikamwomba msamaha.

Kurudisha kila kitu kulichukua mchana mzima, sitawachosha. Nilipowasha, upepo ulirusha risiti ya mafuta iliyokuwa juu ya dashibodi mpaka kiti cha nyuma. Mwezi uliofuata nilimpeleka mama kliniki tena, foleni ileile, jua lilelile. Tulipofika Mtongani alijifunika kanga mabegani akasema, "Punguza, baba." Ndugu zangu, nilijisikia mwanaume.

Sasa kwako dada, na wengine wenye shida hii. Feni ikilia kwa nguvu na upepo ni mdogo, njia imeziba: anza na filta, kisha majani, kisha evaporeta. Feni ikilia kinyonge au isipolia, shida ni umeme au mota. Mwambie fundi umeme apime kwenye soketi ya bloa feni ikiwa namba ya juu kabisa. Kama volti 12 zinafika na mota inazunguka kwa kusuasua, mota imechoka. Ikifanya kazi namba nne tu na nyingine zimekufa, hiyo mara nyingi ni rezista, na ni spea ya bei ndogo. Upepo ukianza vizuri ukafifia baada ya nusu saa, kisha ukizima AC kidogo unarudi, evaporeta inaganda barafu, na hapo ndipo gesi iliyopungua au sensa ya evaporeta inaweza kuhusika. Upepo ukitoka miguuni tu na usoni hakuna, kuna kilango cha ndani kilichokwama au kebo yake imechomoka. Sikiliza feni kwanza. Weka mkono tunduni. Usimruhusu mtu achomeke geji kabla hajafanya hivyo.

Na hita. Najua wa Dar tunaisahau mpaka siku tunapopandisha Njombe mwezi wa sita, kioo kinajaa ukungu na vidole vinakufa ganzi. Hita inatumia feni hiyohiyo na njia hiyohiyo, kwa hiyo upepo ukiwa mdogo tiba ni ileile. Lakini upepo ukiwa mkali na joto hakuna, angalia maji ya redieta, kisha muulize fundi wako swali hili bila aibu: thamostati ya gari langu, ile inayozuia maji ya redieta kuzunguka mpaka injini ipate joto, ipo? Wengi wametolewa thamostati kwa madai kwamba huku kuna joto haihitajiki, na wengine mipira ya hita imeunganishwa moja kwa moja, maji ya moto yasipite kwenye hita, ili kukwepa kuvuja. Injini isiyofikia joto lake haiwezi kukupa joto, na inakunywea mafuta zaidi. Gari ni lako, hela ni yako, muulize.

Dada wa Kimara, kompresa isubiri. Jumamosi hii toa kiboksi cha mbele, piga picha ya utakachokikuta, nitumie kabla hujampa mtu hata shilingi mia.